Silikanti, Samaki wa Kina Kirefu

Leo tusome habari za samaki ambaye wengi wetu hatujamwona, hata sisi tunaokaa pwani. Jina lake ni silikanti.

Ni samaki wa buluu mwenye madoa meupe. Anaweza kufika urefu wa karibu mita 2. Mapezi yake ni manene, yana nyama na mifupa, na akiogelea huyachezesha kwa zamu kama mnyama anayetembea.

Zamani wataalamu walimjua kwa mifupa iliyogeuka mawe tu. Wakasema alitoweka duniani miaka milioni 66 iliyopita. Kumbe yupo! Desemba 1938 meli ya uvuvi ilimleta mmoja East London, Afrika Kusini. Bibi Marjorie Courtenay-Latimer, mtunzaji wa makumbusho, ndiye aliyemwona katika rundo la samaki. Lakini wavuvi wa Komoro walikuwa wakimvua siku nyingi, wakimwita gombesa. Wao hawakushangaa. Nyama yake ina mafuta yanayoharisha, haina soko.

Hapa Tanzania alianza kujulikana mwaka 2003, na tangu 2004 wengi wamenaswa Tanga. Je, anakaa wapi? Mchana hujificha kwenye mapango ya mawe, kina cha mita 100 hadi 300 hivi. Uwanja wa mpira una urefu wa mita 100. Hebu fikiri viwanja viwili vimesimamishwa kwenda chini! Huko ni giza na baridi. Usiku hutoka kutafuta samaki na ngisi.

Kinachomnasa huku kwetu ni jarife, ule wavu wa papa, likishushwa kina kirefu. Mtu atasema, si tumrudishe majini? Tujaribu, lakini mara nyingi hafiki mbali. Maji ya juu ni ya moto kwake na hewa yake haimtoshi. Hufa kwa saa chache. Kwa hiyo jambo kubwa ni pale tunapotega. Mwaka 2009 Serikali ilitenga Hifadhi ya Bahari ya Silikanti huko Tanga.

Tena hazai upesi. Mwaka 2021 wataalamu wa Ufaransa walisoma mistari ya umri kwenye magamba yake. Waliona jike hukomaa akikaribia miaka 60, na mimba huchukua miaka 5 hivi. Hatagi, huzaa watoto hai. Jike aliyenaswa Msumbiji mwaka 1991 alikutwa na watoto 26 tumboni. Basi yule aliyezaliwa mwaka 1961, tulipopata Uhuru, huenda ndiyo kwanza anabeba mimba.