Nabii ameniambia adui ni wa ukoo

Shangazi, nina duka la mitumba hapa Runyenjes. Tangu mwaka jana biashara imelala, na mtoto wangu wa Gredi ya Pili hushtuka usiku akilia. Nabii fulani aliniuzia mafuta na chumvi ya kunyunyiza mlangoni, akasema adui ni wa ukoo wa mume wangu. Sasa siwezi kula kwa mama mkwe. Huamka saa tisa usiku kukemea mapepo, na mume wangu analalamika. Nijikinge vipi?

Shangazi anajibu: Kuomba usiache, ila badilisha saa na upunguze sauti. Mtoto anayesikia mama yake akipigana na mapepo saa tisa usiku atakosaje kushtuka? Lala usingizi wako wiki mbili umwangalie. Akizidi kulia, mpeleke hospitali.

Kisha waulize wakongwe wa Kanisa la Anglikana habari za ndugu wa Uamsho. Moto wa Uamsho huo ulitoka Gahini, Rwanda, ukaingia Kenya mwaka 1937, ukapanda hadi huko kwenu mlimani. Walisoma Neno, wakaomba na watu wa nyumbani, na katika ushirika mtu alisimama akataja dhambi yake. Yake, si ya shemeji. Aliyekosana na jirani alitakiwa kwenda kupatana naye. Wakati wa Mau Mau wengi wao walikataa kula kiapo hata walipotishiwa kuuawa, na kinga yao haikununuliwa kwa chupa.

Nabii wako amekutenga na watu ambao wangekuombea, halafu anakuuzia ulinzi dhidi yao. Na uchunge ulimi: Sheria ya Uchawi ya 1925 inaweza kumtia hatiani anayemsingizia mwenzake uchawi.

Kuhusu biashara, hesabu kwanza vibanda vipya vya mitumba kando ya barabara ya Meru, ndipo tuongee mapepo.

Jioni, kabla ya chakula, zimeni runinga. Baba asome mistari michache, mtoto aombe kwa maneno yake. Dakika kumi zatosha. Jumamosi beba sukari na majani ya chai, nenda kwa mama mkwe. Ya nabii usiyataje. Mwombe radhi kwa kupotea, mpike pamoja, na akikupakulia, kula. Mafuta yaliyobaki usimrudishie nabii. Atakuuzia mengine.