Mbwa anayeanguka: Si kila povu ni kichaa

Kifafa si ugonjwa wa binadamu peke yake. Mbwa pia huanguka, akakakamaa, akatapatapa miguu na kutokwa na povu mdomoni. Katika mitaa iliyosongamana kama Mukuru kwa Njenga, ambako nyumba za mabati zimeshikana na watoto hucheza kwenye kijia kimoja na mbwa, tukio hilo huzua hofu kubwa. Mara nyingi jibu huwa ni mawe. Mbwa huuawa, watu hutawanyika, na hakuna anayeuliza kama kuna mtoto aliyeumwa naye wiki hiyo.

Mimi ni daktari wa watu, si wa mifugo. Lakini mtu anapoletwa kwangu na jeraha la meno ya mbwa, maswali yangu ya kwanza humhusu mbwa. Yuko wapi sasa? Alianza kuugua lini? Amechanjwa? Mwenye mbwa mchanga anayeanguka au kutetemeka anapaswa kuwa na majibu hayo tayari. Leo, mpenzi msomaji, tujifunze kutofautisha magonjwa matatu ambayo watu huyachanganya.

MAGONJWA YANAYOFANANA

La kwanza ni kifafa chenyewe. Kwa mbwa, kifafa kisicho na chanzo kingine kinachoonekana huanza aghalabu kati ya umri wa miezi 6 na miaka 6. Mbwa hushikwa kwa dakika moja au mbili, kisha huamka akiwa amechanganyikiwa. Baada ya hapo hula na kucheza kama kawaida hadi siku nyingine. Povu lile ni mate yaliyochanganyika na hewa. Kifafa hakimwambukizi mtu wala mbwa mwingine.

La pili ni distempa. Huu ni ugonjwa wa virusi vilivyo ndugu wa virusi vya surua, ingawa havimpati binadamu. Huwashika zaidi mbwa wachanga wasiochanjwa. Huanza kwa homa, matongo machoni, makamasi, kikohozi na kuhara. Wengi hufa. Anayepona huweza kubaki na madhara kwenye ubongo wiki kadhaa baadaye: mguu au taya inayorukaruka bila kukoma, hata akiwa usingizini, au kuanguka kama mwenye kifafa. Kutetemeka huko huenda kukabaki naye maisha yake yote.

La tatu, na ndilo la kuogopwa, ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu ulithibitishwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka wa 1912, kwa mbwa wa viungani mwa Nairobi, na haujatuacha hadi leo. Virusi huingia kwa mate kupitia kidonda, vikasafiri polepole ndani ya neva hadi kwenye ubongo. Mbwa hubadilika tabia. Wengine huwa wakali na kuuma chochote. Wengine hujificha na kunyamaza, na hao ndio huwahadaa watu. Sauti hubadilika, taya hulegea, kumeza humshinda, kisha miguu hupooza.

HESABU SIKU

Njia rahisi ya kutofautisha ni kalenda. Mbwa mwenye kichaa akishaonyesha dalili, kwa kawaida hufa katika muda wa siku 10. Kwa hivyo mbwa aliyetetemeka mguu kwa miezi miwili, akila na kumtambua mwenyewe, hatetemeki kwa sababu ya kichaa.

Lakini kuna tahadhari mbili. Mbwa aliyebadilika ghafla jana au juzi, hasa asiyechanjwa au asiyejulikana ni wa nani, achukuliwe kuwa na kichaa hadi daktari wa mifugo aseme vingine. Pili, mbwa wa kifafa anaweza kuumwa na mbwa mwenye kichaa kama mbwa yeyote mwingine. Dalili mpya ikijitokeza, anza kuhesabu upya.

KUISHI NAYE

Familia nyingi Mukuru huishi katika chumba kimoja. Mbwa akianguka humo, hatari ya kwanza ni jiko la mafuta ya taa na sufuria iliyo motoni. Zima jiko, ondoa vitu vyenye ncha kali na uwatoe watoto nje. Usimshike kichwa wala kumtia kijiko au mkono mdomoni. Hawezi kumeza ulimi wake. Tazama saa. Akipita dakika 5 bila kuacha, au akishikwa mara kadhaa kwa siku moja, hiyo ni dharura.

Akiamka, mwache. Kwa muda huenda asikutambue, na hapo ndipo mbwa mpole humuuma mtoto anayekuja kumkumbatia. Waeleze pia majirani na mwenye ploti mapema ugonjwa wake ni upi, na uwaonyeshe kadi yake ya chanjo. Kadi hiyo huenda ikamwokoa na mawe.

Dawa ipo. Daktari wa mifugo huweza kumwandikia fenobabitoni, ambayo hata binadamu wenye kifafa hutumia. Kwa sababu hiyo, nawaonya wenye mgonjwa wa kifafa nyumbani: usimpunguzie mtoto vidonge ili umpe mbwa, wala usimpe mtoto vya mbwa. Kipimo hufuata uzito, na hutolewa kwa kawaida kila baada ya saa 12. Siku za mwanzo mbwa husinzia, na huenda akanywa maji na kula kupita kawaida yake. Dawa ikikatizwa ghafla, kifafa hurudi kwa nguvu. Ifungie mbali na watoto.

Mbwa wa distempa asiyeweza tena kula wala kusimama, muulize daktari kuhusu sindano ya kumpumzisha. Usitege sumu. Sumu iliyotupwa kijiani haichagui kati ya mbwa na mtoto anayetambaa.

AKIUMA MTU

Osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15. Najua maji Mukuru hununuliwa kwa mtungi. Hata hivyo, mtungi mmoja wa lita 20 ni bei ndogo kulipia uhai. Usipake pilipili, majivu wala mafuta ya taa. Kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Chanjo hutolewa kwa sindano kadhaa, kila moja kwa siku yake, na jeraha lililotoa damu huhitaji pia sindano ya kingamwili. Ikiwezekana, mbwa afungwe na kuchunguzwa siku 10, lakini usisubiri siku hizo ziishe ndipo uanze chanjo. Dalili za kichaa zikishamwanza binadamu, karibu kila mgonjwa hufa.

Duniani, watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, na wanne kati ya kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Karibu wote waliambukizwa na mbwa. Kenya ilizindua mwaka wa 2014 mpango wa kuutokomeza ifikapo 2030, na msingi wake ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa.

Mtoto wa mbwa achanjwe distempa kuanzia wiki ya 6 hadi ya 8, arudiwe kila baada ya wiki 3 au 4 hadi afikishe wiki 16. Chanjo ya kichaa apewe akiwa na miezi 3, kisha irudiwe kila mwaka. Hata mwenye kifafa achanjwe, baada ya kumweleza daktari hali yake. Msaada hupatikana kwa daktari wa mifugo wa kaunti, kwa chama cha KSPCA, na katika kliniki ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi huko Kabete.