BANDA LA USEREMALA NYUMBANI: ANZA NA UREFU WA UBAO

Katika somo la leo tutajifunza namna ya kupanga banda la useremala nyumbani. Somo hili ni kwa fundi anayefanya kazi chini ya mwembe na sasa anataka kuhamia ndani. Ni kwa mzazi pia, ambaye kijana wake amerudi kutoka chuo cha ufundi na msumeno wake lakini hana pa kufanyia kazi. Chukua penseli na daftari. Kuna hesabu kidogo, na hesabu zenyewe ni za kujumlisha, kutoa na kuzidisha. Unazijua.

Kwanza tujiulize: kwa nini tuache mwembe? Kivuli kipo, upepo upo, na wateja wanapita hapo hapo. Ni kweli. Lakini mwembe hauzuii mvua, wala hauzuii jua la saa tisa. Tuseme mzee mmoja ameagiza mlango. Fundi amenunua mbao sita za paina, kila ubao una upana wa inchi 6. Sita mara sita ni inchi 36, yaani futi 3. Huo ndio upana wa mlango. Mbao ni mbichi, zimepasuliwa juzi tu. Fundi anapigilia misumari, anapokea fedha zake, mambo mazuri. Baada ya miezi miwili ya kiangazi mzee anarudi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba fundi. Ule mlango wako unanionyesha barabara."

"Vipi tena mzee wangu?"

"Nimelala ndani, nawaona ng'ombe wakipita. Na wao wananiona."

Kumbe kimetokea nini? Ubao mbichi una maji ndani yake. Maji yakitoka, ubao hupungua upana. Urefu haupungui kiasi cha kuonekana, lakini upana hupungua sana. Ubao wa paina mbichi wenye upana wa inchi 6 unaweza kupungua robo inchi. Mbao ni sita. Robo inchi mara sita ni inchi moja na nusu. Hizo ndizo nyufa za mzee. Msumari hauwezi kuzuia jambo hilo, hata upigilie misumari mia. Sasa fundi atatengeneza mlango mwingine kwa mbao za kununua yeye mwenyewe, na faida ya kazi nzima imekwenda.

Kwa hiyo banda ni nyumba ya mbao kwanza, halafu ndiyo nyumba ya fundi. Watu wengi huanza na paa, au huanza na kuulizia bei ya mashine. Mimi nasema anza na ubao. Chukua futi kamba, pima ubao mmoja unaouzwa sokoni kwenu. Mara nyingi utakuta futi 12. Ndivyo zinavyouzwa mbao nyingi za paina zinazotoka Mufindi, kwenye shamba la miti la Sao Hill, na hata zile za Njombe. Futi 12 ni urefu wa watu wawili warefu, mmoja amesimama juu ya kichwa cha mwenzake. Huyo ndiye mgeni atakayeingia katika banda lako kila siku. Je, atageuka? Atalala wapi? Atatokea wapi?

Tuanze na kugeuka. Ukitaka kuuzungusha ubao wa futi 12 ukiwa umelala, banda lenye upana wa futi 10 halitakubali. Ubao utagonga ukuta huku na huku. Utalazimika kutoka nje nao, uugeuze uani, urudi tena. Ukifanya hivyo mara ishirini kwa siku, jioni mgongo utakuuliza. Banda lenye upana wa futi 14 linatosha: futi 12 za ubao, na futi moja kila upande ili usichubue vidole ukutani. Urefu wa banda tuseme futi 20. Futi 20 mara futi 14 ni futi za mraba 280. Andika kwenye daftari lako. Hilo ni banda zuri kwa fundi mmoja na kijana wake mmoja wa kumsaidia.

Wenye magari mjini hugeuza gereji zao kuwa karakana. Nawe usikimbilie kujenga upya kama una banda la mkokoteni au ghala lisilotumika. Lipime kwanza. Pengine kinachokosekana ni dirisha tu na mlango uliokaa mahali pake.

Sasa tufike kwenye mlango, maana hapa ndipo siri ya nafasi ilipo. Siku hizi umeme umefika katika vijiji vingi, na mafundi wananunua mashine ya kupasulia mbao, yaani meza yenye msumeno wa mviringo. Tuseme meza hiyo ina urefu wa futi 3. Ubao wa futi 12 unaanza upande huu wa mashine, unapita katika msumeno, unamalizikia upande wa pili. Kwa hiyo unahitaji futi 12 kabla ya mashine, futi 3 za mashine yenyewe, na futi 12 baada ya mashine. Jumlisha: 12 na 3 na 12 ni 27. Banda lako lina futi 20. Toa: 27 kutoa 20 ni 7. Umepungukiwa futi 7. Je, uongeze banda? Hapana bwana. Weka mlango mpana katika ukuta mfupi, na mashine iwe futi 5 kutoka mlangoni, ikiuelekea. Nyuma ya mashine zitabaki futi 12 kamili. Mbele ubao utapita futi 5 ndani ya banda na futi 7 nje ya mlango. Futi hizo 7 umezipata bila kununua hata tofali moja.

Hata fundi asiye na mashine anahitaji mlango wa namna hiyo. Kama mlango uko katika ukuta mrefu, ubao wa futi 12 utauingiza kwa kuukunja-kunja kama mtu anayepitisha ngazi jikoni. Mlango ukiwa katika ukuta mfupi, ubao unaingia moja kwa moja. Upana wa mlango uwe futi 6, vipande viwili. Kumbuka pia kuwa kitanda cha futi 5 kwa 6 kitatokea hapo hapo. Wapo mafundi waliotengeneza kabati zuri, halafu wakalazimika kung'oa fremu ya mlango ili litoke. Wateja wao hawajaacha kusimulia.

Kuhusu mwanga nitasema kwa kifupi. Kuta fupi zielekee mashariki na magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni lisikupige machoni wala lisichome mbao. Kuta ndefu, za kaskazini na kusini, ndizo ziwekwe madirisha. Meza ya kazi ikae chini ya dirisha. Fundi anayetumia mkono wa kulia apange mwanga utoke mbele yake au kushoto, ili kivuli cha mkono kisifunike mstari wa penseli.

Meza yenyewe iwe na urefu wa futi 7 na upana wa futi 2. Kimo chake usinakili kwa jirani. Simama wima, mikono imelegea. Mtu mwingine apime kutoka chini mpaka kwenye kifundo cha mkono wako. Hicho ndicho kimo cha meza ya kupigia randa. Meza ikiwa fupi sana utainama na kuumwa kiuno. Ikiwa ndefu sana utasukuma randa kwa mabega tu na utachoka upesi. Miguu iwe minene, isimame juu ya mawe bapa ili mchwa wasipande, na meza ishikizwe ukutani. Randa inasukuma; meza nyepesi itatembea nawe mpaka mlangoni.

Sasa turudi kwa mbao, maana hazijapata pa kulala. Tumia ukuta mrefu wa upande wa pili, usio na meza. Jenga kitako cha mawe au matofali chenye kimo cha futi moja na nusu kutoka chini. Panga mbao safu ya kwanza, ukiacha nafasi ndogo kati ya ubao na ubao. Juu yake laza vijiti vikavu vyenye unene wa inchi 1, kila baada ya futi 2. Hesabu: ubao wa futi 12 unahitaji vijiti vingapi? Wengi husema sita. Anza kuhesabu kwenye ncha kabisa: 0, 2, 4, 6, 8, 10, 12. Ni vijiti saba. Safu ya pili ilale juu ya vijiti hivyo, kisha vijiti tena, na kila kijiti kikae juu kabisa ya mwenzake wa chini. Kijiti kikihama pembeni, ubao utapinda hapo hapo. Juu ya rundo weka mawe mazito. Paka rangi ya zamani kwenye ncha za mbao, kwa sababu maji hutoka haraka zaidi kwenye ncha, na ndiko ubao unakoanza kupasuka.

Utajuaje mbao zimekauka? Wengine hugonga kwa kidole na kusikiliza, wengine hunusa. Mimi nawaamini zaidi wenye mizani. Chagua ubao mmoja, uupime uzito kila Jumamosi, uandike. Wiki hii kilo kadhaa, wiki ijayo pungufu, wiki nyingine pungufu tena. Uzito ukikaa pale pale wiki tatu au nne mfululizo, ubao huo umekauka kwa hali ya hewa ya kwenu. Hapo tengeneza mlango wa mzee. Mbao ngumu na nene kama za mninga zitachukua muda mrefu kuliko paina, kwa hiyo usizipange katika rundo moja. Pia tunza bandani risiti za mbao na nakala za vibali. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 haichezi na mbao zisizojulikana zilikotoka, na hasara ya kunyang'anywa mninga ni kubwa kuliko ya mlango wenye nyufa.

Jambo jingine ni vumbi. Chini ya mwembe upepo ulilichukua, lakini ndani ya banda linabaki, nawe unalivuta. Mwaka 1995 wataalamu wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliliweka vumbi la mbao katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa saratani ya ndani ya pua. Vumbi la mvule nalo huwasha ngozi na macho, na kuna watu linawabana kifua. Ndiyo sababu nilisema madirisha yawe kaskazini na kusini, yakitazamana, ili upepo uingie huku utokee kule. Unapopiga msasa au kupasua kwa mashine, vaa barakoa, au toka nje kama kazi ni ndogo. Usifagie kwa kutimua. Nyunyiza maji kidogo kwanza. Na fagia kila jioni. Maranda, yaani yale maganda membamba yanayotoka kwenye randa, mama atafurahi kuwashia moto. Lakini maranda ya mbao zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani-kijani, yasiende jikoni hata siku moja. Moshi wake na majivu yake yana sumu.

Moto nao usiusahau. Maranda, vanishi na tana vikikaa chumba kimoja na kibatari, banda lote ni kiberiti. Vanishi na tana viwe na kasha lake la bati, mbali na meza. Anayevuta sigara akavutie nje, hata kama ni mteja.

Zana zitundikwe ukutani, juu kuliko mkono wa mtoto. Chora kwa mkaa umbo la kila zana nyuma yake: hapa nyundo, hapa patasi, hapa msumeno. Jioni ukitazama ukuta utaona mara moja ni umbo gani liko peke yake. Hapo utajua kama patasi imebaki kwenye maranda, ambako mtoto ataikanyaga kesho, au kama ni yule jirani wa "nipe dakika tano tu" aliyeichukua tangu Jumanne.

Haya, daftari la hesabu lina miraba. Kila mraba uwe futi moja. Chora banda lako: miraba 20 kwa 14. Kata vipande vya karatasi ngumu ya boksi: meza, miraba 7 kwa 2, mashine, miraba 3, na ubao, urefu wa miraba 12. Visogeze humo ndani. Pitisha ubao mlangoni, ugeuze, uupitishe kwenye mashine, uulaze kwenye rundo. Ukigonga ukuta, futa mlango uuchore pengine.

Halafu jibu swali hili. Banda la jirani lina urefu wa futi 16, na mashine yake ni ya futi 3. Ameacha futi 12 nyuma ya mashine. Ubao wa futi 12 utatoka nje ya mlango futi ngapi? Fanya mwenyewe kabla ya kusoma jibu. Toa 12 na 3 katika 16, inabaki 1. Futi 1 ya ubao iko ndani, futi 11 ziko nje. Na kama jiko la mke wake liko futi 6 tu kutoka mlangoni, itambidi azungumze na mama kwanza kabla ya kuwasha mashine.