Ukienda Uchina, Beba Masikio



Tangu mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Nairobi kina Taasisi ya Confucius inayofundisha Kichina, na Wakenya wengi wameshapata udhamini wa kusoma Uchina. Lakini kabla hujafunga sanduku, jua hili: anayetaka kusoma shahada kwa Kichina kwa kawaida hupewa mwaka mmoja wa lugha, kisha hufanya mtihani uitwao HSK. Vyuo vingi hudai daraja la 4. Ukianguka, shahada huanzi. Basi tujifunze mawili.

Kwanza, toni. Kichina sanifu kina toni nne. Tazama silabi moja tu:

mā (juu, sawa) – mama
má (hupanda) – katani
mǎ (hushuka, kisha hupanda) – farasi
mà (hushuka ghafla) – kutukana

Jamani, ukikosea umemwita mama wa watu farasi! Usicheke. Hata sisi tuna barabára ya magari na barábara ya sawasawa. Kwetu ni mkazo, kwao ni toni, ila funzo ni moja: sikio kwanza, ulimi baadaye. Anayezungumza Kikuyu au Kijaluo nyumbani ana bahati, kwani lugha hizo pia zina toni.

Pili, adabu. Wazee wa Kichina husalimiana "Chī le ma?" yaani, "Umekula?" Ukijibu "Bado" ukangojea sahani, utawatia wenyeji mashakani. Hiyo ni salamu tu. Jibu "Chī le", nimekula. Kwani kwetu mgonjwa akiulizwa "Hujambo?" si hujibu "Sijambo" huku akitetemeka kwa malaria? Tena, jina la ukoo hutangulia: mwalimu Wang Li huitwa Wang lǎoshī, Mwalimu Wang. Na kitu cha mkubwa kipokee kwa mikono miwili, kama nyanya alivyokufunza.

Mwanafunzi anayejifungia bwenini na Wakenya wenzake, wakapika ugali na kupiga Sheng mwaka mzima, amesafirisha miguu tu. Masikio ameyaacha nyumbani. Na mtihani hauna huruma.

Wahenga walinena: ukienda kwa wenye chongo, fumba jicho lako. Walisema fumba, hawakusema ng'oa. Kiswahili chako utarudi nacho.

Zoezi: Tafuta katika lugha ya kwenu maneno mawili yanayoandikwa sawa lakini hutamkwa tofauti. Mtamkie mwenzako, naye aseme ni lipi.