Mkalimani wa Wodini: Ukiongozana na Mmisionari Kuwaombea Wagonjwa

Shule na vyuo vya Marekani vikifungwa katikati ya mwaka, makanisa yetu hupokea wamisionari wa wiki mbili tatu. Watapaka rangi darasa, watacheza na watoto wa shule ya Jumapili, na siku moja wataomba kupelekwa hospitali kuwaombea wagonjwa. Siku hizi si Wamarekani peke yao. Wapo Wakorea, wapo Wabrazili. Wote wanahitaji mtu wa kuwatafsiria, na kama una Kiingereza cha kukutosha na huwa hukosi ibada, mtu huyo utakuwa wewe. Wageni huja wakiwa wamefundishwa mengi juu ya safari yao. Wewe utaambiwa tu uvae nadhifu na uwahi.

Kumbe kazi kubwa ni yako. Mgonjwa wa kwetu hajui kumkatalia mgeni. Amelala, amevaa shuka la hospitali, kitandani pake amesimama mtu aliyevuka bahari kuja kumwona. Atasema nini zaidi ya "sawa"? Na kama hospitali ni ya misheni, huenda moyoni anajiuliza kama dawa atakazopewa kesho zinategemea jibu lake la leo. Mgeni haoni hayo. Anaona tabasamu na kichwa kinachoitikia. Basi wewe ndiye wa kumfungulia mgonjwa mlango wa kukataa, tena mapema, kabla mgeni hajafumba macho.

Anza na ruhusa. Hospitali za makanisa, kama KCMC ya Moshi, Haydom kule Mbulu au Tenwek ya Bomet, zimezoea huduma hii. Tenwek hata kauli mbiu yake inasema wao wanatibu na Yesu ndiye anayeponya. Katika hospitali za namna hiyo mtafute kasisi wa hospitali. Yeye anawajua wagonjwa, na ndiye atakayebaki nao ninyi mkishaondoka. Hospitali ya serikali ni ya watu wa dini zote, kwa hiyo nenda kwa mganga mfawidhi siku kadhaa kabla, na siku yenyewe umwone muuguzi anayesimamia wodi. Akisema kitanda fulani msikifikie, msiulize sababu. Asubuhi ni ya raundi ya madaktari, na saa ya kutazama wagonjwa ni ya ndugu wanaoleta uji na chakula. Omba mpewe muda usiogongana na hayo mawili.

Ingieni wawili na wewe wa tatu. Kundi la watu kumi wakizunguka kitanda kimoja linamfanya mgonjwa kuwa tamasha. Wengine wabaki nje na waombe hukohuko. Sijaona andiko linalosema maombi hayapiti ukutani.

Mkifika kitandani, usimtangulize mgeni. Salimia wewe kwanza, kwa adabu ya umri wa mgonjwa, kisha useme maneno ya namna hii: "Shikamoo mzee, pole sana. Mimi natoka usharika wa hapa mjini. Nimefuatana na mgeni anayetembelea wagonjwa wa wodi yote. Anayependa kuombewa tunamwombea, asiyependa tunamjulia hali tu na kuendelea. Matibabu yako hayahusiani kabisa na sisi." Hiyo sentensi ya mwisho usiiache, hata kama unaona aibu kuisema.

Halafu sikiliza jibu kwa masikio ya Mswahili. "Karibuni, karibuni," huku mkono ukivuta kiti, ni ndiyo. "Sawa tu" ya mtu aliyegeukia ukutani si ndiyo. "Mtaniombea hata mkiwa nyumbani" ni hapana ya kiungwana, na "baadaye" mara nyingi ni hapana. Mgonjwa akimtazama mama yake au mume wake kabla ya kujibu, mgeukie huyo naye umsalimie. Ukishaelewa kwamba ni hapana, mwambie mgeni bila kuzunguka: huyu hapendi, tumtakie nafuu twende. Mgeni akisisitiza, usitafsiri msisitizo wake.

Kwa mgonjwa Mwislamu fanya vivyo hivyo, ila ongeza jambo moja: mweleze mapema kwamba maombi yatafanywa kwa jina la Yesu. Wapo watakaosema dua ni dua, wapo watakaoshukuru na kukataa. Kumshtukizia katikati ya ombi ni hila.

Usimruhusu mgeni aulize, "Unaumwa nini?" Vitanda vya wodi zetu viko karibu hivi kwamba jirani anasikia kila neno, na pengine mgonjwa hajawaambia hata nduguze. Swali liwe: ungependa tukuombee juu ya nini? Utashangaa majibu. Mwenye mguu uliovunjika atataka aombewe ada ya mtoto.

Sasa kuna hofu ambayo wageni wachache huifikiria. Mwaka 2006 daktari Herbert Benson wa Marekani na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 1,802 waliofanyiwa upasuaji wa mishipa ya moyo katika hospitali sita za nchi hiyo. Walioombewa huku wakijua kwa hakika kwamba wanaombewa, asilimia 59 walipata matatizo baada ya upasuaji. Walioombewa bila kuwa na hakika, asilimia 52. Mimi siamini kwamba utafiti unaweza kumpima Mungu, na sitaki kuingia huko. Kinachomhusu mkalimani ni maelezo mojawapo yaliyotolewa: huenda mtu akiambiwa kuna watu wameitwa kumwombea, anajiuliza kama hali yake imekuwa mbaya kiasi hicho. Wakatoliki wanaijua hofu hiyo. Mpako wa Wagonjwa uliitwa mpako wa mwisho kwa muda mrefu mno, na hadi leo wapo wanaomwona padre na chupa ya mafuta wakaanza kuaga. Ndiyo maana tangu mwanzo unasema mnatembelea wodi yote. Msiende moja kwa moja kwenye kitanda cha mtu mmoja mkarudi. Na Mkatoliki akiomba huo mpako, mwite padre. Mmisionari wa madhehebu mengine hawezi kuutoa, hata awe na mafuta mfukoni.

Kuwekea mikono kuna masharti yake. Kitakasa mikono kabla ya kila mgonjwa na baada yake, si mara moja mlangoni. Msikae kitandani, msiguse dripu wala mrija. Mgeni mwanamume asimguse mgonjwa mwanamke. Mgonjwa akitaka kushikwa mkono, ndugu yake amshike, na mgeni aombe akiwa amesimama. Kukiwa na mlipuko wa ugonjwa, msiguse mtu kabisa: virusi vya Marburg, vilivyoua watu Kagera mwaka 2023, huenea kwa majimaji ya mwili, jasho likiwamo. Mwenye mafua abaki nyumba ya wageni. Wodi ya kifua kikuu na chumba cha mahututi, waachieni wahudumu wa hospitali.

Sasa tafsiri yenyewe. Kubalianeni kabla ya kuingia kwamba ombi litakuwa fupi, dakika mbili zinatosha, na kwamba atatulia kila baada ya sentensi moja. Tafsiri kwa sauti ya chini hata kama yeye amepaza. Jirani ana homa. Usiongeze mahubiri yako. Wakalimani wengi hupata upako wao wenyewe katikati ya ombi la mwenzao, na sentensi moja ya Kiingereza ikazaa dakika tatu za Kiswahili.

Kubalianeni pia, waziwazi, juu ya maneno ambayo hutayatafsiri. "Umepona, inuka uende nyumbani" ni mojawapo. "Acha dawa" ni la pili. Akiyasema, usimbadilishie kimyakimya ukajifanya umetafsiri. Simama na umwambie kwa lugha yake kwamba hilo halitasemwa hapa. Tuliona hatari ya kuacha dawa mwaka 2011, maelfu walipokwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha uponyaji cha mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila. Wapo waliotolewa wodini wakapange foleni, wapo walioacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Mgeni akiona unampunguzia imani, msimulie habari za Denis Mukwege wa Bukavu, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018. Utotoni alifuatana na baba yake, mchungaji wa Kipentekoste, kumwombea mtoto mgonjwa, akamuuliza kwa nini ameomba tu bila kutoa dawa. Baba alimjibu kwamba yeye si daktari. Mwana akaamua kuwa daktari, na baba hakuacha uchungaji wake.

Simu zibaki mifukoni. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019, na zote zinahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Picha ya mgonjwa kitandani kwa ajili ya barua ya wafadhili haifai, hata akitabasamu.

Mwishoni kuna pesa. Mtu mmoja au wawili watakunong'oneza umwambie mgeni kwamba bili imewashinda. Usikasirike, na usiwafiche wageni; lakini noti isitolewe mfukoni kitandani, maana wodi nzima inaona, na mgeni wa kesho hataaminiwa kwa maombi matupu. Mwelekeze ndugu wa mgonjwa kwenye ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, inayoshughulikia maombi ya msamaha wa malipo. Wageni wakitaka kuchangia, walipe kwa mhasibu, wachukue risiti, na jina la mchangiaji lisitajwe. Majina ya walioomba kutembelewa tena, kwa idhini yao, mpe kasisi au mchungaji wa hapo mtaani siku hiyohiyo, kabla basi la wageni halijaondoka.