Wilson Haukuonekana: Kutafuta Kosa Unapoongeza Viwanja na Ndege Kwenye Kompyuta



Chama chetu cha Kiswahili kilipoamua kwamba katika Siku ya Kiswahili tungewasafirisha wageni kwa ndege, wengi walicheka. Safari yenyewe ilikuwa ya kwenye kompyuta. Mimi ningerusha ndege kutoka Wilson, tupite juu ya mitaa yetu ya Eastlands, kisha tutue Jomo Kenyatta, na mwenzangu wa kidato cha pili angetangaza kila jambo kwa Kiswahili sanifu, tangu kufunga mikanda hadi kushuka ngazi. Kila mwanachama alitoa shilingi 20 za kununulia bando za intaneti. Baada ya wiki mbili pesa zilikuwa karibu kwisha na Wilson haukuonekana. Mweka hazina alinyamaza, lakini huko nyuma darasani niliambiwa waziwazi kwamba nimezila. Basi madhumuni ya makala haya ni mawili: kueleza zilikokwenda, na kumfaa yeyote mwenye mchezo huu nyumbani ambaye nyongeza zimemkatalia.

Mchezo ninaotumia ni Flight Simulator X wa Microsoft, uliotoka mwaka 2006. Najua kuna wa 2020 na wa 2024, lakini hiyo inataka mashine yenye nguvu sana, na yetu ilinunuliwa mkono wa pili. Mchezo huo huja na viwanja vya dunia nzima, ila vingi ni barabara ya kurukia tu na vijengo viwili vitatu. Hata Buruburu na Umoja humo ni nyumba za kubahatisha, huwezi kuonyesha kwenu. Ndiyo maana wapenzi wa mchezo hutengeneza nyongeza: viwanja vilivyopambwa vizuri na ndege zenye rangi za mashirika mbalimbali.

Kwanza, ujue unatafuta nini. Kila uwanja una herufi nne za kimataifa, na vya Kenya huanza na HK. Jomo Kenyatta ni HKJK, Mombasa ni HKMO, Kisumu ni HKKI. Uwanja wa kijeshi wa Eastleigh, ambao ndio uliokuwa ukipokea abiria wa Nairobi kabla Embakasi haujafunguliwa mwaka 1958, ni HKRE. Na Wilson je? Ni HKNW. Nilishangaa W imekuja mwisho, hadi nilipojua kwamba zamani uwanja huo uliitwa Nairobi West. Jina la sasa ni la Florence Kerr Wilson, mama aliyeanzisha shirika la Wilson Airways mwaka 1929. Ukitafuta kwa jina tu utaletewa akina Wilson wa kila aina. Ukitafuta kwa herufi nne unapata uwanja.

Sasa tuje kwenye hasara. Faili ya kwanza ilikuwa inashuka usiku, stima ikapotea. Asubuhi niliiona ipo, nikafurahi, kumbe ni nusu. Ukurasa ulisema megabaiti 180, yangu ilikuwa 112. Nilipojaribu kuifungua ikasema imeharibika. Tangu hapo, kabla ya kufanya lolote, nalinganisha uzito wa faili na ule ulioandikwa. Ni kazi ya nusu dakika, na ingeniokolea karibu nusu ya pesa za chama.

Faili ya pili ilishuka nzima, na hapo ndipo nilipopotelea kabisa. Ukiifungua nyongeza ya uwanja utakuta folda mbili. Moja inaitwa "Scenery", nayo ina faili zinazoiambia kompyuta kila kitu kikae wapi. Nyingine ni "Texture", yenye picha za kuvalisha majengo na lami. Folda hizi mbili lazima zikae pamoja ndani ya folda moja yenye jina la uwanja, na hiyo huwekwa ndani ya "Addon Scenery". Kisha unaingia kwenye orodha ya mandhari katika mchezo na kuuonyesha ile folda ya uwanja. Usiingie ndani zaidi. (Kwenye Windows zilizokuja baada ya mchezo huu, ukibonyeza OK pale dirisha huweza kubaki wazi kana kwamba halijasikia. Bonyeza mahali peupe ndani ya dirisha hilo, litakubali. Jambo hili pekee lilinilia jioni nzima.)

Nilifanya yote hayo. Kila nilipouwasha mchezo, kilitokea kijiujumbe kirefu, nami nikakibonyeza kiondoke. Wilson ukabaki vile vile, uchi. Nikaanza kuhangaika. Nikabadilisha jina la folda, nikahamisha picha, nikafuta orodha, nikapakua faili upya kwa bando la mwisho, nikazima kinga ya virusi, jambo ambalo sikushauri kamwe. Mwishowe hata Mombasa iliyokuwa nzima ikaharibika, na sikujua ni lipi kati ya hayo lililoiharibu.

Mwalimu mlezi wa chama alikuja kuona. Yeye si mtu wa kompyuta, ni mtu wa sarufi. Aliniuliza, "Umebadilisha mambo mangapi tangu jana?"

Nikahesabu. "Matano, Mwalimu."

"Na sentensi ikiwa na kosa, unabadilisha maneno matano kwa mpigo? Haya, rudisha yote. Halafu hicho kijiujumbe unachokifukuza, kisome kwa sauti."

Nilikisoma kama ufahamu wa mtihani. Kilikuwa kinasema kwamba folda ya "Scenery" haikupatikana ndani ya "Addon Scenery", katika "Wilson". Wiki nzima kilikuwa kikinitajia mahali penyewe! Nikaifungua folda ya Wilson, na ndani yake nikakuta folda nyingine iitwayo Wilson, na ndani ya hiyo ndipo zilipokuwa "Scenery" na "Texture". Programu ya kufungua faili huunda folda yenye jina la faili, na mtengenezaji naye alikuwa tayari ameunda ya kwake. Nikaitoa ya ndani nikaiweka nje. Nikauwasha mchezo. Wilson huo, na mabanda yake ya ndege, na lami iliyochakaa!

Kwa upande wa ndege, kosa ni la aina nyingine. Folda ya ndege huwekwa ndani ya "SimObjects", katika "Airplanes". Ikiwa haionekani kwenye orodha, kwanza weka alama kwenye kisanduku cha kuonyesha aina zote. Ikikataa bado, fungua faili ya "aircraft.cfg" (ukiwa umeinakili kando kwanza, tafadhali) utazame namba za fltsim. Huanza na 0, kisha 1, kisha 2. Ukiruka kutoka 2 hadi 4, hiyo ya 4 haitaonekana, hata ukeshe. Na ndege ikionekana bila rangi zake, tazama neno lililoandikwa kwenye mstari wa texture. Folda ya rangi lazima iwe na neno lilo hilo, herufi kwa herufi.

Siku ya Kiswahili tuliruka saa nane na dakika kumi. Mtangazaji wetu alisema "njia ya kurukia" na "mnara wa kuongozea" bila kujikwaa hata mara moja, na wazazi wakapiga makofi tulipotua. Nilimrudishia mweka hazina shilingi 35 zilizosalia mbele ya watu. Akazihesabu, akaitazama ile ndege kwenye kioo, akauliza kwa nini ni nyeupe tupu na kama hiyo nayo ilinunuliwa kwa pesa zetu. Nilikuwa nimesahau kuutazama ule mstari wa texture.