Kuteleza Si Kuanguka: Mbinu za Kulinganisha Mabingwa wa Barafuni

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Februari 2014, mjini Sochi, Yuzuru Hanyu wa Japani alifanya yote mawili: aliteleza, akaanguka mara mbili katika programu ndefu, na bado akavishwa dhahabu ya Olimpiki. Miaka mitatu baadaye, kwenye Ubingwa wa Dunia mjini Helsinki, Hanyu huyohuyo aliimaliza programu ndefu bila kutetereka, akapata alama 223.20, rekodi ya dunia kwa wakati ule. Sasa, ushindi wake mkubwa ni upi?

Ukiwauliza mashabiki wawili utapata majibu matatu, kwa sababu mmoja anapima medali, mwingine anapima miruko, na wote wawili wanapima mapenzi yao. Mbinu zifuatazo zitakusaidia kubishana kwa haki. Andaa video za mashindano, daftari na saa moja ambayo hakuna wa kukusumbua.

1. Gawa ukurasa safu mbili

Safu ya kwanza iandike "ushindi", ya pili "uchezaji". Kwenye ushindi weka mambo ya mashindano: wapinzani walikuwa nani, bingwa alitokea nafasi ya ngapi, alimwacha wa pili kwa alama ngapi. Kwenye uchezaji weka yale tu yaliyoonekana juu ya barafu.

Kumbuka pia kwamba kila mashindano ya wanaume yana programu mbili, fupi na ndefu, na alama zake hujumlishwa. Amua mapema unalinganisha ipi. Sochi inaonyesha kwa nini. Kwenye programu fupi Hanyu alipata 101.45, na akawa mwanamume wa kwanza kuvuka alama 100. Akiba hiyo ndiyo iliyomwokoa usiku uliofuata, alipoanguka huku mpinzani wake Patrick Chan wa Kanada naye akikosea. Jumla ilikuwa 280.09 kwa 275.62. Anayesifu programu fupi ya Sochi na anayeiponda ile ndefu wote wana haki. Kosa ni kuzizungumzia kana kwamba ni kitu kimoja.

2. Usivushe alama kutoka enzi hadi enzi

Hili ndilo kosa linaloharibu mijadala mingi. Mpaka mwaka 2004 majaji walitoa alama zisizozidi 6.0, na kazi ya alama hizo ilikuwa kupanga nafasi tu: nani wa kwanza, nani wa pili. Kwenye Olimpiki ya Calgary, 1988, Brian Boitano wa Marekani alimshinda Brian Orser kwa majaji 5 dhidi ya 4. Mcheza kwao hutunzwa, lakini Orser, Mkanada aliyekuwa nyumbani, siku hiyo alitunzwa fedha. Alama za usiku ule hazina pa kukutania na za leo.

Ukirudi nyuma zaidi, utakuta hata medali yenyewe inapotosha. Zamani watelezaji walipimwa pia kwa kuchora maumbo ya duara juu ya barafu, sehemu iliyofutwa baada ya 1990. Mjini Sarajevo, 1984, Orser alimpita Scott Hamilton wa Marekani katika programu fupi na katika ndefu, lakini dhahabu ikaenda kwa Hamilton kwa sababu ya yale maduara, ambako Orser alikuwa nyuma sana. Hamilton aliistahili dhahabu yake kwa kanuni za siku hizo. Ila ukitafuta uchezaji bora wa mashindano yale, usianzie kwenye dhahabu.

Hata ndani ya mfumo wa sasa kuna ukuta. Hanyu wa 2017 alikuwa na dakika nne na nusu na nafasi nane za kuruka. Ilia Malinin wa Marekani, aliyepata 227.79 kwenye programu ndefu mjini Montreal mwaka 2024, alikuwa na dakika nne na nafasi saba. Mruko wa toe loop wa mizunguko minne, uliokuwa na thamani ya 10.3, umeshushwa hadi 9.5, na majaji, waliokuwa wakiongeza au kupunguza ubora kwa ngazi tatu, sasa wana ngazi tano. Kwa hiyo kusema Malinin alimpita Hanyu kwa alama nne na ushei ni sawa na kulinganisha mbio za mita 100 na za yadi 100.

Ufanye nini basi? Linganisha kila bingwa na wenzake wa usiku uleule. Nathan Chen, Olimpiki ya Beijing 2022, alimwacha wa pili kwa alama 22.55. Malinin, Montreal, kwa 24.11. Hanyu, Helsinki, kwa 2.28 tu. Takwimu hizi ziingie safu ya ushindi. Usizipeleke safu ya uchezaji, maana pengo dogo huenda likamaanisha kwamba wa pili naye aliwaka moto. Helsinki, wa pili alikuwa Shoma Uno, na alimaliza na jumla ya 319.31.

3. Tazama mara tatu, kila mara kwa jicho lingine

*Mara ya kwanza, acha sauti na usihesabu kitu.* Jiulize kama ungeendelea kutazama hata kama hujui mtelezaji ni nani. Alexei Yagudin wa Urusi, Salt Lake City 2002, ni mwalimu mzuri hapa. Katika programu yake fupi iliyoitwa "Winter" kuna mfululizo wa hatua ambapo anakimbia kwa ncha za viatu, na kila hatua inatua juu ya mdundo. Muziki haupigwi nyuma yake. Unatoka miguuni mwake.

*Mara ya pili, zima sauti na utazame miguu.* Angalia kabla ya mruko: je, alitambaa muda mrefu kwa mstari mmoja akijikusanya, au aliruka akitokea kwenye hatua ngumu? Kisha angalia baada ya mruko. Mruko mzuri hutua kwa mguu mmoja, goti likakunjika taratibu, na mwili ukaendelea kwenda kinyumenyume kwa kasi ileile. Kasi ikifia pale alipotua, mruko ulikuwa wa kubahatisha. Boitano pale Calgary aliruka mruko wa Lutz wa mizunguko mitatu huku mkono mmoja ameuinua juu ya kichwa. Alijinyima msaada wa mkono huo wakati wa kuzunguka, na bado akatua.

*Mara ya tatu, punguza mwendo wa video.* Kutambua Axel ni rahisi: ndio mruko pekee ambao mtelezaji huuanza akitazama mbele, kwa hiyo ina nusu mzunguko wa ziada. Axel ya mizunguko minne kwa kweli ni minne na nusu. Malinin alikuwa wa kwanza kuitua katika mashindano, Septemba 2022. Wakati wa kutua, kazia macho chuma cha kiatu. Kikigusa barafu kabla mzunguko haujakamilika, kisha kikajisokota kumalizia, mruko huo umepunjwa hata kama mtelezaji ametabasamu.

Mpenzi wa ushairi ataelewa upesi kwa nini lazima upitie mara zote tatu. Vina na mizani vinahesabika, na shairi lisilo navyo wengi hulikataa. Lakini kuna shairi lenye mizani kamili ambalo hakuna anayetaka kulisikia tena.

4. Uliza kanuni zilikuwa zinalipa nini

Kabla ya kumlaumu bingwa, tazama kanuni na malipo ya enzi yake. Vancouver, 2010, Evan Lysacek wa Marekani alishinda bila mruko wowote wa mizunguko minne, huku Evgeni Plushenko wa Urusi akiwa nao. Matokeo: 257.67 kwa 256.36. Wengi walilalamika. Lakini wakati ule miruko ya nusu ya pili ya programu iliongezewa asilimia 10, kwa sababu miguu imeshachoka, na Lysacek aliweka miruko mitano kati ya minane huko nyuma. Plushenko aliweka mitatu. Kama mfanyabiashara, Lysacek aliuza bidhaa iliyokuwa na soko. Unaweza kuichukia kanuni bila kumdhulumu mtu.

5. Hali ya mtelezaji ipe mstari wake

Majeraha, presha na visa vya nyuma vinasisimua, na ndiyo maana ni hatari. Hanyu aliingia PyeongChang 2018 bila kushindana tangu aumie kifundo cha mguu mwezi Novemba, akashinda dhahabu ya pili mfululizo ya Olimpiki, jambo ambalo kwa wanaume halikuwa limeonekana tangu Dick Button wa 1948 na 1952. Chen alikuwa wa 17 kwenye programu fupi ya PyeongChang kabla ya kurudi Beijing na kutawala. Andika haya yote kwenye safu ya ushindi. Huruma ikivuka mstari, utaanza kuona miruko mizuri ambayo haikuwepo.

6. Toa hukumu, na utaje kipengele chake

"Bora kuliko wote" bila kipengele ni kelele. Daftari langu linasema hivi. Kwa ugumu, Malinin wa Montreal: miruko sita ya mizunguko minne, ile Axel ikiwemo. Kwa muziki na mwili kuwa kitu kimoja, Yagudin wa "Winter". Kwa uchezaji wote kwa jumla, Hanyu wa Helsinki. Alianza siku akiwa wa tano, alama 10.66 nyuma ya Javier Fernandez wa Hispania, akaruka miruko minne ya mizunguko minne, na nilipozima sauti sikuona mahali ambapo hatua inakwisha na mruko unaanza.

Na Sochi? Programu fupi nimeitia kwenye safu zote mbili. Ile ndefu iko safu ya ushindi peke yake, pamoja na dhahabu yake. Wahenga hawakutuachia neno la mtu anayeteleza, akaanguka, na akashinda. Ndiyo maana ukurasa unahitaji safu mbili.